Mbwa, Sungura na Hati ya Zawadi

Dave Purcell alikuwa mtoto wa kuanza mambo na kuyaacha njiani. Alibuni vibonzo vya wapelelezi wawili, mmoja mbwa na mwingine sungura, akachora kurasa kadhaa, kisha hamu ikamwisha na makaratasi yakabaki yamezagaa nyumbani. Kaka yake, Steve, ndiye aliyekuwa akiyaokota na kuyamalizia. Tusidhani ulikuwa upendo wa ndugu. Alikuwa akimkejeli mdogo wake. Dave akichanganya yupi ni Sam na yupi ni Max, basi Steve aliwafanya wahusika wenyewe waitane kwa majina yasiyo yao. Dave akieleza kwa maneno jambo ambalo picha imeshalieleza, basi katika mikono ya Steve mbwa na sungura walihutubia kila walichokifanya, kwa kelele, kama watoto wanavyocheza uani. Kumbe kejeli ilikuwa na uhai kuliko hadithi iliyokuwa ikikejeliwa.

Mwishoni mwa miaka ya 1970, siku ya kuzaliwa ya Steve ilipofika, Dave alimpa zawadi isiyo ya kawaida: hati yenye saini, inayosema kwamba kuanzia hapo Sam na Max ni mali ya kaka yake. Huenda ulikuwa utani tu wa mtu na ndugu yake. Lakini ukiitazama miaka iliyofuata, ukahesabu kampuni zilizowapokea wanyama hawa wawili, zikawatumia, zikawatupa, na nyingine zikafa kabisa, unaona kwamba karatasi ile ya nyumbani ilikuwa na nguvu kuliko mikataba mingi iliyoandikwa na mawakili. Historia ya mchezo wa kompyuta ninayotaka kuisimulia inaanzia hapo, miaka kumi na zaidi kabla ya mchezo wenyewe kuwapo.

Steve alikwenda kusomea sanaa katika chuo cha California College of Arts and Crafts, na mwaka 1980 akaanza kuwachora Sam na Max katika jarida la kila wiki la chuo. Kwenye ukurasa wa chuo, mbwa alikwishapata umbo ambalo hajaliacha mpaka leo: mrefu, mnene kiasi, suti inayomning'inia, kofia ya upelelezi ya sinema za zamani, na lugha ndefu ya kujidai, maneno matano pale ambapo moja lingetosha. Max ni mfupi, mweupe, hana nguo, ana masikio marefu na meno mengi mno kwa mnyama wa kula majani. Purcell mwenyewe hukwepa kumwita sungura moja kwa moja. Humwita kitu cha namna ya sungura. Wanajiita polisi wa kujitegemea. Aliyewapa mamlaka hayo hajulikani, na wao hawajali. Mwaka 1987 Steve Moncuse, mchora vibonzo aliyekuwa akitoa mfululizo wa samaki polisi, aliwachapishia kitabu chao cha kwanza.

Msomaji aliyelelewa na hadithi za Sungura na Fisi atategemea hila, na hapo ataangushwa. Sungura wetu hushinda kwa akili kwa sababu hana nguvu. Max hana akili ya namna hiyo wala haitafuti. Akiona tatizo, hulitia meno. Anayefikiri ni mbwa, na mara nyingi mbwa hufikiri ovyo vilevile. Ucheshi wao hauko katika kumzidi mtu maarifa. Uko katika utulivu wao wa ajabu mbele ya mambo yanayopaswa kuwatisha, na katika upendo wa marafiki wawili ambao hawautaji kamwe bila kuuvunja kwa mzaha sekunde inayofuata.

Wakati kitabu hicho cha kwanza cha Sam na Max kinatoka, kwingine huko huko California lilikuwa likifanyika jambo ambalo halikuwa na uhusiano na vibonzo. George Lucas, aliyekwisha kutajirika kwa sinema zake za anga, alikuwa amefungua mwaka 1982 kitengo cha michezo ya kompyuta, Lucasfilm Games, ambacho baadaye kiliitwa LucasArts. Mwaka 1987 kijana mmoja wa hapo, Ron Gilbert, pamoja na mchoraji Gary Winnick, walitoa mchezo wa Maniac Mansion, kuhusu vijana wanaoingia kwenye nyumba ya mwanasayansi aliyerukwa na akili.

Michezo ya namna hiyo ilikuwapo kabla yao. Katikati ya miaka ya 1970 Will Crowther aliandika mchezo wa kutembea pangoni usio na picha hata moja: kompyuta inakuandikia ulipo, nawe unaiandikia unachotaka kufanya. Mwaka 1980 Roberta Williams na mumewe Ken wakaongeza picha katika Mystery House, wakaanzisha kampuni iliyokuja kuitwa Sierra, na mwaka 1984 wakatoa King's Quest, ambamo mhusika alionekana akitembea ndani ya picha. Hata hapo ilikubidi uandike. Ukiandika neno ambalo kompyuta haikufundishwa, ilikuambia haielewi, na ungeweza kumaliza jioni nzima ukitafuta kama mwandishi wa programu alisema «chukua» au «okota».

Gilbert alichoshwa na kubahatisha huko. Maneno yote ya amri akayapanga chini ya skrini: fungua, funga, sukuma, vuta, chukua, tumia. Unabofya neno, unabofya kitu, mhusika anatenda. Ili kazi isiwe ya kuandika upya kila mchezo, yeye na wenzake walitengeneza chombo cha kuandikia michezo kilichoitwa SCUMM, na chombo hicho kilihudumia LucasArts kwa miaka kumi. Jambo la pili alilolipigania Gilbert, na mwaka 1989 akaliandikia makala ya hasira, ni kifo. Katika michezo ya Sierra ulikufa kwa kukosea ngazi, kwa kugusa ua, kwa kutookota kitu saa tatu zilizopita. Gilbert alisema huo si ugumu, ni uonevu. Katika mchezo wake The Secret of Monkey Island wa mwaka 1990 karibu haiwezekani kufa, na mchezaji aliyejua hivyo alipata ujasiri wa kujaribu upuuzi wowote. Upuuzi ndio uliokuwa na vichekesho. Bila uamuzi huo, Sam na Max wasingekuwa na mahali pa kuishi, kwa sababu wao hawafanyi kingine ila upuuzi.

Purcell aliajiriwa hapo mwaka 1988 kama msanii. Alichora jalada la mchezo wa Zak McKracken, kisha majalada ya michezo miwili ya kwanza ya Monkey Island, ambayo mashabiki mpaka leo huyatundika ukutani. Hata jina la shujaa wa mchezo huo lina mkono wake. Mhusika alikuwa bado hana jina, faili lake liliitwa tu jamaa, «guy». Programu ya kuchorea iliweka picha kama «brush», yaani brashi. Purcell akayaunganisha, akazaliwa Guybrush.

Na aliwaleta wanyama wake kazini. Kuanzia mwaka 1990 vibonzo vya Sam na Max vilikuwa vikitoka katika The Adventurer, jarida la kampuni lililotumwa kwa wateja, na wasomaji walianza kuwapenda wahusika ambao hawakuwa na mchezo wowote. Ndani ya ofisi kulikuwa na jambo ambalo wasomaji hawakuliona. Waandishi wapya wa programu walipokuja kujifunza SCUMM walihitaji vitu vya kufanyia mazoezi, na Purcell alikuwa amechora Sam na Max wanaotembea, pamoja na ofisi yao. Kwa hiyo kizazi kizima cha vijana wa LucasArts kilijifunza kazi kwa kuwatembeza mbwa na sungura chumbani. Walikuwa wanasesere wa darasani. Kampuni ilipotafuta mchezo mpya wa vichekesho baada ya Monkey Island 2, wanasesere hao walikuwa wameshajulikana na kila mtu jengoni.

Kazi waliishika watu wanne: Purcell; Sean Clark na Michael Stemmle, waliokuwa wametoka kwenye mchezo wa Indiana Jones na Atlantis; na Collette Michaud, msanii ambaye baadaye alikuja kuwa mke wa Purcell. Hadithi waliegemeza kwenye kibonzo cha Purcell cha mwishoni mwa miaka ya 1980 ambamo mbwa na sungura wanaingia garini na kuizunguka Marekani bila sababu ya maana. Mchezo ukaitwa Sam & Max Hit the Road, ukatoka Novemba 1993.

Kisa chenyewe kinaelezeka kwa pumzi moja. Katika maonyesho ya mtaani yanayoendeshwa na mapacha walioungana, wa ukoo wa Kushman, lilikuwapo zimwi la manyoya la misitu ya Marekani, Bruno, likiwa limegandishwa ndani ya bonge la barafu. Barafu imeyeyuka, Bruno ametoroka, na ametoroka na Trixie, msichana mwenye shingo ya twiga. Polisi wa kujitegemea wanatakiwa wawarudishe. Nyuma yao kuna mwimbaji mmoja mfupi mwenye nywele bandia, Conroy Bumpus, anayemtaka Bruno kwa shughuli zake mwenyewe.

Utamu hauko kwenye kisa, uko kwenye vituo. Marekani ya barabara kuu, hasa kabla ya ndege kuwa za bei nafuu, ilikuwa na desturi ya kuwasimamisha wasafiri kwa vitu vikubwa visivyo na kazi. Katika kijiji cha Darwin, jimbo la Minnesota, mkulima Francis Johnson alianza mwaka 1950 kuviringisha kamba za kufungia majani makavu ya mifugo, akaviringisha kwa miaka ishirini na kitu, mpaka akapata donge lenye uzito wa karibu tani nane. Mji wa Cawker City, Kansas, una donge lake nao, na ubishi wa nani ana kubwa zaidi haujaisha. Karibu na Santa Cruz, California, kuna kibanda kilichojengwa upande kwenye mteremko, wageni wanalipia kuambiwa kwamba mvuto wa ardhi umeharibika hapo. Njiani kulikuwa na maduka ya Stuckey's yaliyouza peremende za njugu na zawadi za plastiki.

Purcell na wenzake hawakuhitaji kubuni sana. Donge la kamba likawekewa mgahawa unaozunguka juu yake. Kibanda cha Santa Cruz kikawa mahali pa vioo ambapo mtu hukua na kupungua. Maduka yakabadilishwa herufi moja mbili, na kila ukiingia yanafanana kabisa, muuzaji yule yule, choo kile kile. Mlima Rushmore, wenye nyuso za marais wanne zilizochongwa kwenye mwamba, ukawa mahali pa kuruka kwa kamba ya mpira. Florida ikapata uwanja wa gofu wenye mamba, na hapo pana fumbo mojawapo ninalolipenda kuliko yote: unabadilisha mipira kwa samaki, unawapiga samaki kwa fimbo ya gofu mpaka watue unapotaka, mamba wanawafuata, na migongo yao ikijipanga inakuwa daraja. Ukilisimulia hivi linaeleweka. Ukilikuta bila kuelezwa, utalala nalo. Yapo mafumbo mengine humo ambayo mantiki yake anaijua aliyeyatunga peke yake, na mashabiki wa kweli hukubali hivyo wakibanwa.

Lakini lililoufanya mchezo huu uwe tofauti na ndugu zake lilikuwa jambo la kiufundi ambalo mchezaji wa leo hawezi hata kuliona, maana limekuwa la kawaida. Waliifuta orodha ya maneno ya amri. Miezi michache tu kabla, LucasArts ilikuwa imetoa Day of the Tentacle, mchezo mzuri sana, ambao sehemu ya chini ya skrini yake ilikaliwa na maneno tisa na rundo la vitu ulivyobeba. Kwa msanii ambaye anachora kwa brashi na anajaza kila kona ya picha utani mdogo mdogo, kunyang'anywa sehemu kubwa namna hiyo ya ukurasa ni dhuluma. Katika Hit the Road picha inafika mpaka ukingoni. Ukibofya kitufe cha kulia cha kipanya, kishale kinageuka: mguu wa kutembea, jicho la kutazama, mkono wa kuchukua, mdomo wa kusema. Vitu vyote unavyobeba vimo ndani ya boksi la karatasi ngumu kwenye kona, usipoliita halikusumbui.

Wakafuta na maneno ya mazungumzo. Zamani ulipoongea na mtu uliletewa sentensi nne, ukazisoma, ukachagua moja, kisha mhusika akairudia kwa sauti. Waandishi wa mchezo huu waligundua walichokuwa wakikifanya: walikuwa wakimwonyesha mchezaji kichekesho kimeandikwa, halafu wanamsimulia kichekesho kile kile. Hakuna mzaha unaostahimili hilo. Badala yake wakaweka alama ndogo: alama ya kuuliza, ya kushangaa, bata wa plastiki kwa ajili ya kusema jambo lisilohusiana na chochote. Unabofya bata, hujui Sam atatamka nini, naye anatamka. Toleo la CD lenye sauti lilimpa Sam mdomo wa Bill Farmer, ambaye tangu mwaka 1987 ndiye sauti ya Goofy wa Disney, na Max akapewa Nick Jameson, mwigizaji aliyewahi kupiga gitaa la besi katika bendi ya Foghat. Muziki ulikuwa wa jazi, ukibadilika kufuata unapokwenda bila kukatika, kwa mtambo wa kampuni ulioitwa iMUSE.

Ndani ya boksi la vitu, kati ya mambo yaliyookotwa, kuna kichwa cha Max. Yaani rafiki yako naye ni kifaa. Mwanzoni kabisa wawili hao wanashuka mtaani na kumkuta paka tarishi ambaye amemeza maagizo ya Kamishna anayewapa kazi. Mchezaji mgeni anajaribu kumsemesha paka, anajaribu kumchukua, anajaribu kumtazama. Hatimaye anakumbuka kile kichwa, anakichukua, anambofya paka. Max anaifanya kazi kwa namna ambayo paka hawezi kuifurahia, na karatasi inapatikana. Ndani ya dakika tano umeshafundishwa kanuni ya mchezo mzima: pale ambapo adabu imeshindwa, mtume Max.

Mwisho wake siwaharibii kwa kuusema, kwa kuwa umri wake umepita miaka thelathini. Mazimwi ya manyoya yanafanya tambiko, miti mikubwa inachipuka ghafla, na nusu ya magharibi ya Marekani inarudi kuwa msitu. Hakuna anayeshtuka. Bumpus anaishia ndani ya bonge la barafu, kama Bruno alivyokuwa mwanzoni.

Mwendelezo ulitarajiwa, na haukuja. Kwanza walikwenda kwenye televisheni: kati ya Oktoba 1997 na Aprili 1998 kampuni ya Nelvana ya Toronto ilitengeneza vipindi 24 vilivyorushwa na Fox Kids. Bastola ziliondolewa na meno ya Max yalipunguzwa makali kwa ajili ya watoto wa Jumamosi asubuhi, lakini wazimu ulibaki wa kutosha kupata tuzo ya Gemini huko Kanada mwaka 1998. Huku nyuma, michezo ya kubofya ilikuwa imefikwa na maji ya shingo. Wachezaji walikuwa wamehamia kwenye bunduki na picha zenye kina. Mwaka 1998 Tim Schafer wa LucasArts alitoa Grim Fandango, wahakiki wakausifu mpaka basi, na mauzo yakawa hafifu. Maduka yalianza kuiona michezo ya aina hiyo kama bidhaa ya kukaa rafuni.

Mwaka 2001 kampuni changa ya Infinite Machine, yenye watu waliotoka LucasArts, ilianza kuwatengenezea Sam na Max mchezo wa mashine ya Xbox. Kampuni ikafilisika kabla ya kumaliza. Mwaka 2002 LucasArts wenyewe wakatangaza mwendelezo, Freelance Police, Stemmle akiuongoza. Watu wakapiga makofi. Agosti 2003 kampuni hiyo hiyo iliua mwendelezo wa mchezo wake mwingine, Full Throttle, na waliokuwa wakitazama walipaswa kuelewa upepo unavuma wapi. Machi 3, 2004, wakati mchezo ukitegemewa kuingia madukani mwaka huo huo, LucasArts ilitangaza kwamba baada ya kuyapima mazingira ya soko imeusimamisha. Zaidi ya watu 32,000 walitia saini malalamiko mtandaoni. Hayakubadilisha kitu.

Hapa ndipo ile hati ya Dave inaporudi kazini. Guybrush alikuwa mali ya kampuni. Ron Gilbert, aliyembuni, aliondoka mwaka 1992 na kumwacha mezani, na miaka mingi ilipita akimtazama kutoka mbali. Sam na Max walikuwa wamekodishwa tu. LucasArts ilikuwa na leseni, na leseni ina tarehe. Mwaka 2005 tarehe ikafika, na wanyama wakarudi kwa mwenyewe.

Watu waliopoteza kazi au kukata tamaa baada ya Machi 2004 nao hawakwenda mbali. Dan Connors, Kevin Bruner na Troy Molander walifungua Telltale Games mwaka huo huo, huko huko California, mjini San Rafael. Walianza na mchezo wa karata, wakafuatia na Bone, uliotokana na vibonzo vya Jeff Smith, wakijifunza kuuza mchezo kwa vipande kupitia intaneti badala ya boksi dukani. Purcell akawapa mbwa na sungura. Tarehe 17 Oktoba 2006, kwenye huduma ya GameTap ya kampuni ya Turner, kilitoka kipande cha kwanza, Culture Shock. Vilifuata vitano, kimoja karibu kila mwezi. Wengi walisema mtindo wa vipande ni ndoto, kwamba studio hazitaweza kukimbizana na kalenda. Telltale walikimbizana nayo. Katika kipande cha nne Max anagombea urais wa Marekani na kushinda, na kampuni ikakitoa bure kuwavuta wageni. Katika uandishi wa msimu huo alikuwamo Dave Grossman, mmoja wa walioiandika Monkey Island ya kwanza.

Misimu mitatu ilitoka mpaka Agosti 2010, vipande 16 kwa jumla. Wa tatu, The Devil's Playhouse, ni wa giza zaidi, na mwisho wake unamuua Max kweli kweli, kisha unamleta Max mwingine kutoka wakati mwingine, ambaye Sam wake ndiye aliyekufa. Wanatazamana, wanaondoka pamoja. Nimesikia watu wazima wakikiri kulia hapo kwa ajili ya kitu cha namna ya sungura.

Umaarufu ulioijenga Telltale ndio ulioizika. Mwaka 2012 mchezo wao wa The Walking Dead uliwapa pesa na sifa ambazo vichekesho havikuwahi kuwapa, wakaanza kuchukua leseni za kila aina, wafanyakazi wakafika mamia. Tarehe 21 Septemba 2018 karibu watu 250 walipigwa kalamu siku moja, wakabaki 25. Purcell kwa muda wote huo alikuwa na kazi nyingine: alihamia Pixar, na jina lake limo kama mwongozaji mwenza wa filamu ya Brave ya mwaka 2012.

LucasArts nayo ilikuwa imeshatangulia. Oktoba 2012 Disney ilitangaza kuinunua Lucasfilm kwa dola bilioni nne na kitu, na Aprili 2013 ikaifunga studio ya michezo. LucasArts, Infinite Machine, Telltale ile ya kwanza: zote zimekwisha, mbwa na sungura wapo.

Ulimwengu wa wapenzi wa michezo ya zamani ulikuwa umejipangia mambo yake bila kusubiri kampuni. Mwaka 2001 Msweden Ludvig Strigeus, ambaye baadaye alitengeneza µTorrent na kuwa mmoja wa wahandisi wa mwanzo wa Spotify, alianza pamoja na Vincent Hamm kuandika programu ya ScummVM. Inasoma mafaili ya michezo iliyotengenezwa kwa SCUMM na kuiendesha kwenye mashine yoyote ya kisasa, simu ya mkononi ikiwamo. Kijana mwenye simu ya Android leo anaweza kumpitisha Sam juu ya migongo ya mamba akiwa kwenye daladala, mradi ana mafaili halali. Disney iliporuhusu mchezo wa 1993 uuzwe tena mtandaoni Oktoba 2014, ScummVM ndiyo iliyokuwa ndani ikifanya kazi.

Kisha mtindo wa zamani ukawa biashara mpya. Februari 2012 Tim Schafer aliwaomba mashabiki dola 400,000 za mchezo wa kubofya, wakampa zaidi ya milioni tatu. Ron Gilbert na Gary Winnick nao wakachangiwa, na mwaka 2017 wakatoa Thimbleweed Park, ambao picha zake zimechorwa zionekane za mwaka 1987, na chini ya skrini, kwa fahari kabisa, yamerudi maneno tisa ya amri. Nakiri mchezo ni mzuri. Ila inachekesha kuona kitu ambacho Purcell na wenzake walikifuta mwaka 1993 ili picha ipumue kikirudishwa kama pambo la kumbukumbu, na watu wakikilipia.

Waliokuwa Telltale, Connors akiwa mmoja wao, walinunua misimu ile mitatu kutoka kwenye mabaki ya kampuni na kuunda kikundi kidogo, Skunkape Games, jina lililochukuliwa kwa zimwi la manyoya la mabwawa ya Florida. Hawakuifanya ionekane ya zamani kuliko ilivyokuwa. Walirekebisha mwanga, nyuso na midomo, mtunzi Jared Emerson-Johnson akaongeza muziki, na Desemba 2020 wakatoa msimu wa kwanza. Waliondoa pia mizaha michache waliyoona imechacha, na Bosco, muuza duka mweusi, ambaye kwanza alisemwa na mwigizaji mzungu, wakampa sauti mpya ya Ogie Banks. Baadhi ya mashabiki walikasirika, wakadai historia imefutwa. Sioni hoja yao. Purcell alianza kwa kuyachukua makaratasi ya mtu mwingine na kuyarekebisha alivyotaka, na mtu huyo alikuwa mdogo wake.

Msimu wa pili ulirudi Desemba 2021, wa tatu Agosti 14, 2024, na kwa hiyo vipande vyote 16 vya Telltale viko sokoni tena. Ulio nje ya kapu hilo ni mchezo wa 1993 wenyewe. Wahusika ni wa Purcell, programu ni ya Lucasfilm, na Lucasfilm ni ya Disney. Anayeutaka anaununua kama ulivyokuwa, na chenga zake zote.